Aliona Sindano, Hakuona Ubao

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, binti mkubwa wa Fundi alitunga sindano za baba yake. Alikaa kwenye kigoda kando ya cherehani. Alichukua sindano, akalamba ncha ya uzi, akaupitisha kwenye tundu. Kisha akachukua nyingine, na nyingine. Uzi mweusi, mweupe, wa buluu, wa kaki. Alizichomeka zote kwenye kimto cha kitambaa, tayari kwa kazi za siku nzima. Hakukosea hata moja. Ndiyo maana nyumbani walimwita Sindano.

Fundi mwenyewe hakuweza tena. Alikuwa ameshona suruali na magauni tangu ujana wake, na sasa umri ulikuwa umemfika machoni. Mtu akipita barabarani, Fundi alimtambua kutoka mbali. Lakini tundu la sindano lilimpotea mkononi. Mke wake alimwambia mara nyingi atafute miwani ya kushonea, naye kila mara alikasirika.

"Miwani ni ya wazee," alisema, na mvi zimemjaa kichwani.

Badala ya miwani alikuwa na binti yake. Wateja walipokuja alipenda kumwita mbele yao. "Tazameni huyu. Hana zaidi ya miaka kumi na moja, lakini macho yake ni makali kama wembe." Wateja walitazama, wakasifu. Sindano alitabasamu, akachukua mkoba wake, akaenda shule. Na huko shuleni mtoto huyo mwenye macho makali kama wembe alikuwa wa mwisho darasani.

Katika shule ile watoto walikaa kwa alama. Aliyefaulu alikaa mbele, karibu na ubao. Aliyefeli alirudishwa nyuma. Kila muhula ulipoisha madawati yalipangwa upya. Walimu waliona hiyo ni njia nzuri ya kuwatia watoto bidii, na wazazi nao waliikubali. Hakuna aliyejiuliza kama kuna mtoto anayefeli kwa sababu hauoni ubao, na anayerudishwa nyuma ambako atauona kwa shida zaidi.

Darasa la kwanza Sindano alikaa dawati la pili kutoka mbele, na alama zake zilikuwa nzuri. Darasa la pili alirudi nyuma kidogo. La tatu akarudi tena. Sasa alikuwa darasa la tano, na alikaa nyuma kabisa, ukutani, pamoja na mafagio na ndoo ya kupigia deki. Wenzake walimwita Mkia.

Siku moja mwalimu wa darasa alimwita Fundi shuleni. Fundi alivaa shati lake zuri, akaenda.

"Shida yake ni nini, Mwalimu?" aliuliza.

"Fundi, nikwambie ukweli. Mtoto wako hataki shule. Naandika nane ubaoni, yeye anaandika tatu. Naandika sentensi, yeye anaandika maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Nikimuuliza, ananikunjia uso. Juzi nimemkuta anachungulia daftari la jirani yake."

"Kunakili kwa mwenzake?"

"Ndiyo. Na lingine, samahani kwa kulisema. Haniamkii. Nikikutana naye njiani ananipita kama anapita mti. Walimu wenzangu wamelalamika pia."

Hilo la mwisho ndilo lililomchoma Fundi. Kufeli ni jambo moja. Mtoto kumpita mkubwa wake bila shikamoo ni jambo lingine, maana hapo anayeaibika ni mzazi. Akakumbuka kwamba hata majirani waliwahi kumnong'oneza: binti yako ana kiburi, Fundi, hasalimii watu. Yeye aliona wanatia chumvi. Sasa aliona wamesema kweli.

Alirudi nyumbani amefura. Siku hiyo rula ya mbao, ile ya kupimia vitambaa, ilifanya kazi nyingine.

"Baba, sikumwona," Sindano alisema, akilia.

"Hukumwona? Mtu mzima, mrefu vile? Tundu la sindano unaliona, mwalimu wako humwoni?"

Na kwa kweli Sindano angejibu nini? Hakujua kwamba watu wengine wanaona zaidi yake. Tangu akumbuke, vitu vya karibu vilikuwa wazi na vya mbali vilikuwa ukungu. Alidhani dunia iko hivyo kwa kila mtu. Alidhani wenzake wanausoma ubao kwa sababu wana akili, na yeye hausomi kwa sababu hana.

Mama yake Fundi, ambaye aliishi nao, alikuwa amekaa mlangoni akichambua mchele. Hakumtetea mjukuu wake. "Samaki mkunje angali mbichi," alisema. "Mwenye macho kama yale hafeli. Amekataa tu."

Mke wa Fundi ndiye aliyesimama na mtoto. "Baba watoto, huyu si mjinga. Msomee habari yoyote mara moja, atakurudishia neno kwa neno. Anapika, anashona, anamfundisha mdogo wake kuhesabu. Mjinga hufanya hayo?"

"Basi ni mkaidi, na mkaidi ni mbaya zaidi," Fundi alisema. "Nimeamua. Muhula huu ukiisha, shule basi. Atakaa hapa kwenye cherehani. Angalau hapa ana faida."

Kusema kweli, uamuzi huo ulimfaa. Alihitaji macho ya binti yake asubuhi na jioni, na kazi za mkono zilikuwa zikimshinda. Hakulisema hilo kwa sauti. Mke wake alilijua, naye hakulisema. Sindano alilisikia la shule, akainama, akaendelea kushona kifungo. Tangu siku hiyo alianza kuamka mapema na kwenda shule kabla ya wengine, kama mtu anayeaga mahali.

*

Jumamosi moja muuguzi wa macho kutoka kituo cha afya alileta sare yake ipunguzwe kiunoni. Alisimama kwenye ngazi ya kibanda cha Fundi, mbele ya nyumba, akamtabasamia Sindano aliyekaa ndani. Sindano hakutabasamu. Alikunja macho, akatoa shingo mbele, akamkodolea. Muuguzi alipoingia na kumkaribia, ndipo uso wa mtoto ulipofunguka.

"Shikamoo," alisema.

"Marahaba, mwanangu."

Fundi alichukua futi yake akaanza kupima. Muuguzi alisimama wima kama alivyoambiwa, lakini hakuacha kumtazama mtoto. Sindano alikuwa akishona upindo wa sketi, na sketi ilikaribia kumgusa pua.

"Anasoma darasa la ngapi huyu?"

"La tano. Ila anamalizia," Fundi alijibu.

"Darasa la tano ndiyo anamalizia?"

"Dada yangu, shule haimtaki, na yeye haitaki. Lakini mikono anayo, na macho anayo. Hebu ngoja uone. Sindano, njoo umtungie dada uzi."

Sindano akatunga. Fundi alisubiri sifa, kama kawaida. Muuguzi hakusifu.

"Fundi," alisema, "wewe sindano huioni, sivyo?"

Fundi alikohoa kidogo. "Taa za siku hizi hazina mwanga."

"Ni mchana, Fundi." Mke wa Fundi, aliyekuwa akipiga pasi, aligeuka ukutani kuficha kicheko. "Haidhuru," muuguzi aliendelea. "Wewe karibu huoni, lakini mbali unaona. Unafikiri hakuna mtu aliye kinyume chako?"

"Kinyume vipi?"

"Anayeona karibu, mbali haoni. Sindano iko mkononi mwake, Fundi. Ubao wa shule uko mwisho wa chumba. Jicho linaweza kukiona kimoja likakikosa kingine. Anakaa wapi darasani?"

Mke wa Fundi ndiye aliyejibu. "Nyuma kabisa. Ukutani."

Muuguzi alimshika Sindano mkono, akampeleka mlangoni. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka la kinyozi, na juu ya mlango wake bango kubwa. "Nisomee pale, mwanangu."

"Kinyozi bora. Tunanyoa wakubwa na watoto," Sindano alisema haraka, bila kusita.

Fundi alipumua. "Si nilikwambia?"

"Nani alikusomea bango lile mara ya kwanza?" Muuguzi alimuuliza mtoto, polepole.

"Mama. Nilipokuwa mdogo."

"Sawa. Sasa nisomee kile kibao cha chaki kilichosimama mlangoni. Kile anachoandika upya kila siku."

Sindano alikunja macho. Akainamisha kichwa upande mmoja. Masikio yakaanza kumwaka kwa aibu, kama mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa.

"Kibao kipi?" aliuliza mwishoni.

"Kile pale," Fundi aliingilia, akinyoosha kidole. "Cheusi, kimesimama chini, kando ya mlango. Kipo pale tangu hujaanza shule."

"Baba, mimi sijawahi kuona kibao pale. Naona mlango tu."

Fundi alishusha mkono. Alikitazama kile kibao. Yeye alikisoma kila asubuhi akifungua duka, na kinyozi alipoandika jambo la kuchekesha, alicheka kwa sauti. Binti yake alikuwa amekaa kando yake miaka yote hiyo. Hakuwahi kujiuliza kwa nini yeye hacheki.

"Ziba jicho la kushoto kwa kiganja," muuguzi alisema. Sindano akaziba. Muuguzi akasogea karibu, akainua vidole. "Vingapi?"

"Vitatu."

"Vizuri. Sasa ziba la kulia. Vingapi?"

Sindano alitoa shingo mbele.

"Vingapi, mwanangu?"

"Sijui. Naona nguo yako nyeupe. Vidole sivioni."

"Acha mzaha," Fundi alisema, lakini sauti yake haikuwa na nguvu. Aliinama, akaweka mkono wake mwenyewe mbele ya uso wa binti yake. "Huu je? Mkono wa nani huu?"

"Wako, Baba," Sindano alisema. "Nimeujua kwa harufu ya mafuta ya cherehani."

Fundi alikaa kwenye kigoda. Alikaa hivyo mpaka mke wake akaja kuizima pasi iliyokuwa ikiunguza nguo ya mteja.

"Nimempiga," alimwambia muuguzi. "Kwa sababu hakumwamkia mwalimu. Nimempiga kwa rula hii."

Muuguzi hakumfariji, na hakumlaumu. "Mleteni Jumatatu kituoni," alisema. "Kuna daktari wa macho. Na yule mdogo mje naye pia."

"Yule mdogo hana tatizo. Anakimbia huyo, hajikwai."

"Hata huyu mkubwa hajikwai, Fundi."

Bibi alikuwa amesikiliza yote akiwa mlango wa nyumba. Sasa akatia neno. "Mtampa miwani? Mtoto mdogo? Miwani humharibu mtu macho. Akishaizoea hataweza kuivua."

"Bibi, shikamoo. Miwani haiharibu macho," muuguzi alisema. "Ukivaa viatu, miguu inaharibika?"

"Na nani atamwoa na vioo usoni?"

"Kwanza asome, Bibi. Mchumba akija, mjukuu wako atamwona vizuri na kumkagua."

Bibi hakucheka. Lakini Jumatatu asubuhi yeye ndiye aliyemsuka Sindano nywele kwa safari ya kituoni, na alimsuka taratibu, bila kumvuta.

*

Kituoni walikaa kwenye benchi refu. Chumba cha macho kilikuwa na kiti kimoja, taa, na karatasi ukutani yenye alama kubwa juu na ndogo chini. Alama zilitazama pande mbalimbali. Mtoto alitakiwa kuonyesha kwa mkono tu zinakoelekea, hivyo hata asiyejua kusoma aliweza kupimwa. Sindano alizibwa jicho moja, kisha jingine. Alitiwa matone, akaangaliwa kwa taa. Daktari wa macho alimvisha fremu nzito ya chuma na kubadilisha vioo kimoja kimoja, akiuliza, "Hiki au hiki?"

Alipomaliza aliwaita wazazi. Alikuwa mtu wa maneno machache, na aliyasema kwa utaratibu.

"Macho yote mawili hayaoni mbali. La kulia litasahihishwa na miwani, tena vizuri kabisa. Kazi iko kwa la kushoto."

"La kushoto lina nini?" mama aliuliza.

"Tangu utotoni limekuwa baya sana kuliko mwenzake. Sasa sikilizeni. Jicho haliioni dunia peke yake. Jicho linaleta picha, ubongo unaisoma. Mtoto anapokua, ubongo unajifunza kuona. Jicho moja likileta picha mbovu kila siku, ubongo unachoka nalo. Unaliacha, unafuata lile jingine. Likiachwa miaka mingi, hata ukilivisha miwani, halioni sawasawa tena."

"Kwa hiyo jicho limekufa?"

"Halijafa. Limesahauliwa. Tutajaribu kuliamsha. Kila siku, kwa saa nitakazowaambia, tutalifunika jicho zuri ili lile baya lilazimike kufanya kazi. Ila msije mkamwambia jirani afanye hivyo kwa kujiamulia. Mtoto apimwe kwanza."

"Litaamka?" Fundi aliuliza.

"Kwa mtoto mdogo huamka mara nyingi. Kwa umri wa huyu, siahidi."

Fundi aliyapokea maneno hayo kama mtu anayepokea mzigo bila kujua auweke wapi. "Ningemleta lini?" aliuliza.

"Kabla hajaanza shule. Kwenye miaka mitatu, minne, mitano. Hata kama hana dalili. Mtoto hasemi 'sioni', kwa sababu hajui kuona kukoje. Mkubwa ndiye anayetakiwa kuangalia. Anasogeza kitabu puani? Anakunja macho, anainamisha kichwa? Kichwa kinamuuma baada ya masomo? Anaruka mistari akisoma? Anawapita watu bila kuwajua? Hayo yote huenda ni macho, kabla hujasema ni uvivu au kiburi."

Hakuna lililomkosa Fundi. Kila neno lilimpata.

Kisha wakampima yule mdogo. Alikuwa na miaka minne, na walimwita Kifungo kwa sababu alipokuwa mchanga alimeza kifungo cha koti la mteja. Kifungo alipenda kiti, akapenda taa, akaonyesha alama kwa mkono kwa madaha. Lakini walipomziba jicho la kulia alianza kulia na kuusukuma mkono wa muuguzi. Daktari akatikisa kichwa.

"Huyu naye jicho la kushoto limeanza kuachwa. Ndiyo maana hataki tulizibe lile zuri. Lakini huyu mmemleta kwa wakati."

Mama alishukuru kwa sauti. Fundi alitaka kushukuru pia. Lakini furaha na huzuni zilimjia kwa pamoja, na huzuni ikawa nzito zaidi. Kifungo amewahiwa kwa sababu dada yake alicheleweshwa.

*

Miwani ya Sindano ilipokuwa tayari aliivaa palepale mlangoni kwao. Alitazama ng'ambo ya barabara. Alisoma kibao cha kinyozi neno kwa neno: "Mkia wa ng'ombe hatunyoi, msituletee." Kinyozi aliyekuwa mlangoni alimpungia mkono, naye Sindano akampungia. Kisha akamgeukia mama yake.

"Watu wote wanaona hivi?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Siku zote?"

"Siku zote."

Sindano alizunguka nyuma ya nyumba. Fundi alimfuata, akamkuta amechuchumaa kando ya ndoo, analia.

"Miwani inakuumiza?"

"Haiumizi, Baba."

"Sasa unalia nini?"

"Nilidhani mimi ni mjinga."

Fundi alichuchumaa kando yake. Hakuwa na mazoea ya kuwaomba watoto radhi, na hakujua inaanzia wapi. "Mjinga ni mimi," alisema mwishowe. "Nisamehe, mama." Sindano aliitikia kwa kichwa tu. Watoto husamehe upesi kuliko tunavyostahili.

Siku ya pili wazazi wote wawili walikwenda shuleni. Fundi alimweleza mwalimu yote, pamoja na habari ya rula. Mwalimu alisikiliza akitazama madawati yake, kuanzia mbele mpaka kwenye mafagio.

"Kila muhula nimemsogeza nyuma," alisema. "Kila muhula, Fundi. Kwa mikono yangu."

"Wote tumemsogeza, Mwalimu."

Wiki hiyohiyo Sindano alirudishwa mbele, na shule ikaacha kukalisha watoto kwa alama. Muuguzi wa macho alialikwa kupima madarasa yote. Miongoni mwa waliokuwa wakikaa nyuma, wengine nao walikutwa hawauoni ubao. Mmoja alikuwa amekwisha kuacha shule mwaka uliopita. Walimfuata kwao, lakini familia ilikuwa imehama, na hakuna aliyejua ilikokwenda.

Alama za Sindano hazikupanda kwa siku moja. Miwani humpa mtoto macho, haimrudishii masomo aliyoyakosa. Alilazimika kurudia hesabu za darasa la tatu wakati wenzake wako mbele, na baadhi ya jioni alilala juu ya kitabu. Lakini muhula ulipoisha hakuwa wa mwisho. Alikuwa wa katikati, na jina la Mkia likamtoka. Kuhusu kuacha shule, hakuna aliyelitaja tena nyumbani mwao. Fundi mwenyewe alikwenda kununua miwani ya kushonea, na tangu hapo alitunga sindano zake mwenyewe. Mtoto alipotaka kumsaidia asubuhi, alimwambia, "Nenda, utachelewa."

Tena alianzisha desturi. Mzazi akileta mtoto apimwe sare, Fundi alimpima mabega, kiuno na urefu. Kisha alimsimamisha mlangoni, akamziba jicho moja kwa kiganja, halafu jingine, akamwomba asome kibao cha kinyozi. Asiyejua kusoma aliulizwa ni vitu gani vimechorwa pale, maana kinyozi alikubali kuchora kuku au kikombe kila siku. Mtoto akishindwa, Fundi alimwambia mzazi aende kituo cha afya kesho, asingoje. Wazazi wengine walimcheka kwamba fundi nguo amegeuka daktari. Aliwaacha wacheke, lakini hakuwapa sare mpaka waahidi.

Ili jicho la kushoto la Sindano lifanye kazi, lile la kulia lilifunikwa kila siku, kama daktari alivyoagiza. Daktari alimwonyesha Fundi namna ya kushona kifuniko cha kitambaa cheusi, kinachovishwa kwenye kioo cha miwani na kuziba pembeni, mtoto asiweze kuchungulia. Fundi alishona viwili, kikubwa cha miwani ya Sindano na kidogo cha miwani ya Kifungo. Miezi ilipita. Jicho la Kifungo lilipanda mstari baada ya mstari kwenye ile karatasi ya ukutani. La Sindano lilipanda mistari miwili, likasimama.

"Hapa ndipo mwisho wake," daktari alisema siku moja. "Kifuniko aache. Miwani asiache kamwe, kwa sababu sasa ana jicho moja la kutegemea, na vioo vitalilinda."

Sindano alikivua kifuniko, akakikunja, akamrudishia baba yake. Fundi alikipokea. Mpaka leo hajakitupa na hajakitumia.

Kifungo alibaki peke yake na kitambaa chake. Alikichukia. Jioni moja alikivua akakirusha chini ya meza ya kukatia nguo. Sindano aliinama, akakiokota, akakikung'uta.

"Njoo nikuvishe."

"Sitaki. Mbona wewe huvai?"

"Mimi nilichelewa. Changu hakifanyi kazi tena. Chako kinafanya kazi."

Kifungo alilifikiria hilo, kama watoto wa umri wake wanavyofikiri, na mdomo wazi. "Nani alikuchelewesha?"

Fundi alikuwa kwenye cherehani, karibu nao kabisa. Mguu wake ulisimama juu ya kikanyagio. Sindano alikilaza kitambaa vizuri kwenye kioo cha miwani ya mdogo wake, akakikandamiza pembeni kwa kidole.

"Hakuna," alisema. "Kaa sawa."

Fundi alitamani binti yake amtaje yeye. Hakumtaja.